Talaka ya Riyadh: Kutoka Ulimini hadi Daftarini

Januari 2019 mahakama za Saudi Arabia zilianza kuwatumia wanawake ujumbe wa simu kuwaarifu kwamba wameachwa. Nje ya nchi wapo waliokejeli. Kwa mwanamke wa Riyadh au Jeddah haikuwa kejeli: hapo awali mume aliweza kuandikisha talaka kimyakimya, na mke akaendelea kupika na kulea bila kujua kuwa eda yake inayoyoma, na haki ya nafaka (matunzo ya mke) pamoja nayo.

Jeddah na Riyadh hazikuwa na desturi moja. Jeddah ni mji wa bandari uliozoea fikihi ya Kishafii, kama Lamu na Unguja, na dola ya Othmani ilikuwa imeuletea makadhi wa Kihanafi. Mfalme Abdulaziz aliutwaa Desemba 1925. Mwaka 1928 makadhi wakaagizwa kutegemea vitabu vya Kihanbali, madhehebu ya Riyadh. Vitabu, si sheria yenye vifungu. Kwa miongo mingi kadhi wa Riyadh na mwenzake wa Jeddah waliweza kuhukumu kesi zinazofanana kwa namna mbili, na hakuna aliyekosea.

Vifungu vilikuja Machi 2022, kwa amri ya kifalme. Mume bado anatamka talaka, ila sasa ana siku 15 za kuiandikisha, na talaka tatu za mkupuo mmoja huhesabiwa moja. Mke anaweza kujivua kwa kurudisha mahari, mume akiridhia. Ndiyo njia ya mke wa Thabit bin Qais, aliyerudisha shamba alilopewa huko Madina zama za Mtume.

Tanzania iliifikia karatasi mapema zaidi. Chini ya Sheria ya Ndoa ya 1971 wanandoa hupita kwanza Baraza la Usuluhishi. Likishindwa, na talaka ya Kiislamu ikatolewa baada ya hapo, mahakama hulazimika kukiri kuwa ndoa imevunjika. Lakini amri yake ndiyo inayoivunja kisheria. Kenya iliwaachia makadhi wake mamlaka hayo, yaliyotajwa hata katika Katiba ya 2010.

Uingereza ndiyo yenye kushangaza. Tangu Aprili 2022, mwezi mmoja tu baada ya amri ya Riyadh, tamko la mwanandoa mmoja kwamba ndoa imekufa linatosha. Mwenzake hawezi kulipinga; kinachobaki ni kungoja wiki 20 na taratibu za mwisho. Kwa hilo London imeisogelea talaka ya upande mmoja kuliko Dodoma, isipokuwa kwamba huko mke naye anayo.

Mke wa Jeddah hana tamko kama hilo: asipoafikiana na mumewe hudai fasakhi, yaani ndoa ivunjwe na mahakama, akithibitisha madhara au kunyimwa nafaka. Asipoweza kuthibitisha madhara na ugomvi ukazidi, huteuliwa waamuzi wawili, ikiwezekana kutoka familia zote mbili, wawasuluhishe au wapendekeze watengane, na kwa fidia gani.