Faili linatambaa nyumbani? Usilaumu intaneti

Wadau, hapa Kisii na Nyamira faili likichelewa kuhama kutoka kompyuta moja hadi nyingine nyumbani, lawama zote ni kwa intaneti. Watu huongeza kifurushi, pesa zinapotea bure. Nyaya za baharini zilizofika Mombasa mwaka 2009 hazihusiki hapa. Faili halitoki nje ya nyumba.

Tuangalie historia. Etheneti ilibuniwa Marekani mwaka 1973. Mwaka 1995 ikafikia megabiti 100 kwa sekunde, ikitumia nyuzi 4 za waya. Mwaka 1999 ikafika 1,000, lakini ikadai nyuzi zote 8. Uzi mmoja kati ya zile 4 za ziada ukikatika, vifaa vingi hurudi 100 kimyakimya. Filamu ya megabaiti 700 iliyohitaji sekunde 6 sasa inachukua karibu dakika nzima. Ndiyo maana mimi hubadilisha waya kwanza.