Kibanja na Mbono

Nyakatuntu, iliyokuwa katika Wilaya ya Karagwe hata Kyerwa ilipotengwa mwaka 2012, ni nchi ya vibanja vya migomba. Huko Karagwe mradi wa MAVUNO, pamoja na wahandisi wa Kijerumani, ulijaribu kuchachusha vigogo vya migomba iliyokwisha kuvunwa, ipatikane gesi ya kupikia pasipo kudai shamba jipya.

Mkoani Pwani mambo yalikuwa kinyume. Mbono kaburi, mti wa makaburini na wa ua, ulifanywa zao la mafuta ya injini. Mwaka 2009 Sun Biofuels ilimilikishwa hekta 8,211 za vijiji 11 vya Kisarawe. Mwaka 2011 kazi ikakoma, ardhi ikahamia kwa mnunuzi mwingine.

Basi yatupasa kuuliza kwanza, si mmea upi utatoa moto, bali utapandwa katika ardhi ya nani.