Nguvu za Vijana katika Michezo ya Wayunani

Wengi wa wasomaji wetu wanaujua mji wa Korintho kwa sababu ya nyaraka za Mtume Paulo, naye katika waraka wa kwanza aliwatajia watu wa mji ule mashindano ya mbio. Mfano ule haukuwa mgeni kwao, maana karibu na mji wao Wayunani walikusanyika kila baada ya miaka miwili ili washindane. Lakini michezo iliyosifiwa kupita yote ni ile ya Olympia, iliyofanywa kila baada ya miaka minne, nayo huhesabiwa kuanzia mwaka 776 kabla ya Kristo. Katika habari zake twaona jinsi watu wa kale walivyowazoeza vijana wao nguvu, na jinsi wengine walivyowaharibu.

Hapo kwanza walishindana watu wazima tu. Mwaka 632 kabla ya Kristo wavulana walipewa mashindano yao wenyewe, mbio na mieleka. Na mwaka 616 wakaongezewa ngumi. Taji la mshindi lilikuwa la majani ya mzeituni tu, lakini heshima aliyoipata kwao ilikuwa kubwa. Huko Athens mshindi wa Olympia alilishwa kwa gharama ya mji. Basi si ajabu kwamba baba na waalimu walikuwa na haraka. Hata ilikuwa desturi baba na ndugu za washindani waape pamoja nao kwamba hawatafanya hila katika michezo.

Mwenye sifa kuu katika mieleka alikuwa Milo wa mji wa Kroton, katika nchi iitwayo sasa Italia. Katika karne ya sita kabla ya Kristo alishinda mieleka ya wavulana, kisha akashinda ya watu wazima mara tano. Husimuliwa kwamba alimbeba ndama siku kwa siku. Ndama akakua, na nguvu za Milo zikakua pamoja naye, hata akaweza kumbeba alipokuwa fahali. Pengine ni hadithi tu, lakini njia yake ni ya kweli: mzigo huongezwa kidogo kidogo, na mwili hupata nafasi ya kuuzoea. Haba na haba hujaza kibaba.

Lakini walioongozwa hivyo hawakuwa wengi. Aristotle, mwenye hekima wa karne ya nne kabla ya Kristo, aliandika kwamba katika washindi wa Olympia wangeonekana wawili au watatu tu walioshinda wakiwa wavulana na tena wakiwa watu wazima. Sababu yake, alisema, ni kwamba mazoezi makali yaliwamaliza nguvu wangali wadogo. Akashauri watoto wapewe mazoezi mepesi mpaka wabalehe, wala wasishurutishwe chakula cha washindani au kazi nzito. Sisi twasema, Samaki mkunje angali mbichi. Ni kweli, lakini akikunjwa kupita kiasi huvunjika.

Wataalamu wa siku zetu nao wamelichunguza jambo hili. Kwa muda mrefu watu waliogopa kwamba mtoto akiinua vitu vizito atadumaa. Mwaka 2014 wataalamu wa nchi mbalimbali walitamka pamoja kwamba mazoezi ya nguvu ni salama na yana faida kwa watoto na vijana, maadamu yanasimamiwa na mtu ajuaye na kulingana na uwezo wao. Mtoto asiyebalehe hupata nguvu hasa kwa sababu mishipa yake ya fahamu hujifunza kuitumia misuli, wala si kwa misuli kunenepa. Kwa hiyo kuinua vizuri ni bora kuliko kuinua kizito. Mwaka 2016 waganga wa watoto wa Marekani walishauri kijana mwanamichezo apumzike siku moja au mbili kila juma, wala asifungwe katika mchezo mmoja tu kabla ya kufika miaka 15 au 16.

Basi sisi tulio wazazi na waalimu, tumwonapo kijana mwenye mbio au mwenye nguvu, tusimpime kwa shindano la mwaka huu peke yake. Na aanze kwa uzito wa mwili wake mwenyewe, kuchuchumaa na kuruka, ndipo aongezewe mzigo mdogo, na siku ya kupumzika apumzike. Hivyo nguvu zake zitamfaa hata atakapokuwa mtu mzima.