Sababu ya ĩ na ũ za Kikamba kugeuka visanduku

MSOMAJI wa Matiliku, Kaunti ya Makueni, akifungua waraka wa PDF wa Kikamba kwa programu huria kama Evince au Okular, huenda akalikuta neno “mũndũ” limekuwa “m□nd□”. Aghalabu programu hulaumiwa bure.

Kikamba kina irabu saba, na mbili kati yazo, ĩ na ũ, huandikwa kwa alama ya kiwimbi juu. Herufi hizo hazimo katika fonti 14 za msingi za PDF. Iwapo mwandalizi hakuipachika fonti yake ndani ya faili, programu huazima nyingine iliyomo katika tarakilishi. Nayo ikikosa ĩ, hubaki pengo au kisanduku.

Katika Evince, fungua sifa za waraka, kisha orodha ya fonti, uone ipi imepachikwa na ipi haikupachikwa. Amri ya pdffonts hutoa habari iyo hiyo. Ikiwa haikupachikwa, weka fonti yenye jina lilo hilo katika tarakilishi, ufungue faili upya. Ikiwa imepachikwa na visanduku vingalipo, kosa lilitokea wakati wa kuandaa, mrudishie mwenyewe.

Mwandalizi naye atumie fonti kama Charis SIL au DejaVu Sans, ambazo ni za bure na zina herufi zote mbili, kisha atoe PDF kwa LibreOffice akichagua muundo wa PDF/A, unaolazimisha fonti kupachikwa. Kufuta viwimbi ili kukwepa adha, mazoea yetu wahariri, si dawa: irabu ikibadilika, neno nalo hubadilika.