Volti Ngapi Ndio Fiti Ukiovakloki RAM? Cheki Hii Kabla Uchome Mashine

Umenunua RAM ya DDR4 imeandikwa 3200, ukaichomeka, Windows inakuonyesha 2133. Tulia buda, si lazima iwe umeuziwa feki. Mashine hukimbia spidi ya kawaida hadi uingie BIOS uwashe XMP, ama EXPO kama ni AMD ya DDR5. Na ukiwasha, volti pia zinapanda.

Kila kizazi kina kipimo chake: DDR3 ni volti 1.5, DDR3L 1.35, DDR4 1.2, DDR5 1.1. Kwa hivyo msee akikushow "weka 1.5, iko poa", muulize kwanza ni ya DDR gani. Kwa DDR3 hiyo ni kawaida kabisa. Kwa DDR5 ni kujitafutia.

Wengi wenu mko na DDR4, basi tukae hapo. 1.35 haina noma, RAM kibao za gemu zinauzwa zikiwa zimesetiwa hivyo. 1.4 pia watu wanakimbiza kila siku. Ukifika 1.45, hakikisha feni inapuliza hewa karibu na RAM, juu chipu zingine zikizidi digrii 50 hivi zinaweza kuanza kutoa makosa hata kama volti ni sawa. 1.5 ndio ukuta. Kuna RAM za bei, kama zile za Samsung B-die, zinauzwa na hiyo 1.5 na zinaivumilia. Lakini chipu nyingi za bei rahisi ukiziongezea volti haziongezi spidi hata kidogo. Zingine zinazidi kuyumba.

Sasa, kitu wasee hawaangaliagi ni prosesa. Kidhibiti cha memori kinakaa ndani yake, na mazabodi ikiachiwa Auto inaweza kukipandishia volti kimyakimya ukiwasha XMP ama EXPO. Mwaka wa 2023 prosesa za Ryzen 7000, hasa zile za X3D, ziliungua hadi soketi ikaharibika. RAM yenyewe haikuwa na makosa, shida ilikuwa volti ya SoC. AMD ikaleta BIOS mpya inayoifungia kwa 1.3. Kama uko na hizo mashine na hujawahi kuapdeti BIOS, anza na hiyo leo. Mambo ya RAM yatangoja.

Wale wa laptopu na desktopu za ofisi zilizotumika, zile za ex-UK, msijisumbue sana: BIOS zao nyingi hazikupi hata nafasi ya kugusa volti.

Ukiamua kusonga, panda mdogomdogo, 0.01 ama 0.02 kwa mara moja, alafu uache MemTest86 izunguke usiku mzima. Kosa moja tu ni kosa. Usiseme "lakini gemu inacheza". RAM inayoyumba inaweza kuharibu faili zako polepole bila kukuambia kitu, na utajua siku projekti ya chuo imekataa kufunguka. Kwa hivyo weka kopi ya vitu zako kando kabla hujaanza.

Mashine ikikataa kuwaka? Usipanic. Izime, chomoa waya wa stima, toa ile betri ya duara kwa mazabodi, ngoja dakika chache, rudisha. BIOS itaanza upya na volti zake za kawaida.