Nyasi za uani: Jinsi ya kuitambua sangari kabla haijavamia kahawa

Katika Kaunti za Meru na Embu, aghalabu nyasi za kupanda uani hung'olewa kando ya barabara au kuombwa kwa jirani. Hapo ndipo hasara huanzia, kwani sangari changa hufanana mno na nyasi nzuri, na kwa wengi shamba la kahawa liko hatua chache kutoka mlangoni.

Nyasi za Kikuyu ndizo rahisi kutambua. Asili yake ni nyanda za juu za Afrika Mashariki, ingawa leo zimeenea hadi Australia. Shina lake litambaalo ni nene, na majani yana vinyweleo. Maua hufichwa ndani ya ala za majani, ndiposa wataalamu wakazipa jina la Kilatini ‘clandestinum’, yaani zilizofichika. Hupenda baridi na mvua, kama ilivyo Kibirichia na sehemu za Embu zinazopakana na msitu wa Mlima Kenya.

Kwenye joto la Siakago na Kiritiri, ukoka ndio uvumiliao ukame. Majani yake ni membamba, na suke lina vidole vitatu hadi saba vinavyochipuka mahali pamoja, mfano wa kiganja.

Sangari nayo ina vidole, na hili ndilo huwapotosha wengi. Hata hivyo, vyake hupangana juu ya shina, kimoja baada ya kingine. Ikiwa haijachanua, kagua mahali jani linapoungana na ala: ukoka una safu ya vinyweleo vifupi vyeupe, ilhali sangari ina utando mwembamba.

Ubaya wa sangari umo ardhini. Mashina yake membamba hupenya kwa kina, na yakikatwa kwa jembe, kila kipande chenye kifundo huweza kuota upya. Mizizi ya kahawa inayofyonza chakula iko karibu na uso wa udongo, hivyo mmea huo huipokonya maji na mbolea. Penye sangari ni heri kutumia jembe la meno, kisha kuokota vipande vyote na kuvianika juani hadi vikauke kabisa.

Anayeshuku nyasi alizopewa anaweza kuzipanda kwanza ndani ya mkebe na kusubiri zichanue.