Bwawa la Chagaik

Kericho, nchini Kenya, haijulikani kwa ukame. Mji uko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na mvua yake ya mwaka hukaribia milimita 2,000. Alasiri wingu hutanda, na wachumaji wa chai hurudi nyumbani wamelowa chapachapa. Lakini Januari na Februari nazo hufika. Nyasi hukauka, na mtunza bustani huanza kuutazama mfereji.

Kisa cha maji ya bustani hapa hakitengani na kisa cha ardhi. Mwaka 1919, Vita Kuu ya Kwanza ikiwa imekwisha, serikali ya kikoloni iliwatengea maofisa wa jeshi la Uingereza waliojeruhiwa vitani takriban ekari 25,000 katika nchi ya Wakipsigis, walime kitani. Bei ya kitani ikaanguka na mradi ukafa. Katikati ya miaka ya 1920 wakaja Brooke Bond na James Finlay na chai yao. Wenyeji waliokwisha kusukumwa kando hawakurudishiwa chochote, na mwaka 1934 ikatungwa sheria ya kuwahamisha Watalai, ukoo mmoja wa Wakipsigis, hadi Gwassi, karibu na Ziwa Victoria. Siwezi kuisifu bustani iliyooteshwa juu ya ardhi hii bila kulitaja hilo kwanza.

Chai hunyweshwa na mvua. Maji ya mito yalipewa kazi nyingine bila kutiwa dawa yoyote: kampuni za chai ziliyaelekeza kwenye mitambo midogo ya umeme, na huko Bomet hospitali ya Tenwek ikafanya vivyo hivyo katika maporomoko ya mto Nyangores.

Baada ya Vita Kuu ya Pili, mkulima wa chai aitwaye Grumbley alianzisha bustani ya miti huko Chagaik, kilomita chache kutoka mjini kwenye barabara ya Nakuru. Miti ya kigeni ilipandwa kuzunguka bwawa lenye mayungiyungi, na mianzi ikasimama ukingoni. Hapo ndipo penye somo la kazi. Mvua kubwa ikinyesha, mito ya huku hugeuka rangi ya udongo; ukiyavuta maji hayo moja kwa moja, tope huziba matundu ya mipira ya kunyunyizia. Yaache bwawani yatulie, tope litashuka lenyewe, na juu yatabaki maji ambayo ua halina sababu ya kuyakataa. Ua halidai klorini wala shabu, dawa za kusafishia maji ya kunywa. Vyote viwili ni gharama, na hulipwa na mnywaji.

Mji mdogo ukitaka leo kunyweshea bustani zake maji ya mto yasiyotiwa dawa, kibali cha kuchota mtoni hutolewa na Mamlaka ya Rasilimali za Maji, chini ya Sheria ya Maji ya mwaka 2016. Mabomba yake yasiungane popote na yale ya maji ya kunywa, na kila koki iandikwe wazi kwamba maji haya si ya kunywa, kwa maana watoto wakicheza hushikwa na kiu. Tenki likiwekwa mlimani, mteremko utafanya kazi ya pampu. Na vilima tunavyo.

Kwa hiyo nawaomba wanaochora bustani mpya za Kericho na Bomet: nendeni kwanza Chagaik mwezi wa Februari, mkalitazame bwawa lile, kisha ndipo mchore.